Mfalme yuko h8, kitunda kinakimbia: Réti alipataje sare?

Baharia wa Langoni
Assalaam aleikum wana sataranji. Mimi huvusha watu Mokowe na Amu, na baada ya Isha hukaa barazani na mpwa wangu wa miaka 13 tukacheza. Juzi alinitolea fumbo la mchezaji sataranji Richard Réti la mwaka 1921, limeninyima usingizi. Kete ni nne tu (herufi ni mstari wa wima, nambari ni safu ya ubao). Mweupe: mfalme h8, kitunda, ile kete ndogo inayokwenda mbele tu, c6. Mweusi: mfalme a6, kitunda h5. Mweupe anaanza, na anatakiwa apate sare.

Nimehesabu kwa vidole. Kitunda cheusi kinataka hatua nne kifike mwisho wa ubao kigeuke malkia, na mfalme mweupe amechelewa hatua mbili nzima, hakipati. Changu cha c6 kimebakiza hatua mbili, lakini mfalme mweusi yuko jirani, kikisogea tu anakila. Nimezipanga kete mara ishirini na kila mara nimefungwa. Msiniletee jibu la kompyuta, nataka kuelewa mtu alifikirije.

Bi Mkunguni
Wa aleikum salaam, ami. Usiteremke wima kwenye mstari wa h. Teremka mshazari: g7, kisha f6. Kutoka safu ya nane hadi ya sita mfalme hutumia hatua mbili, aende wima au mshazari. Kwa macho mshazari ni mrefu, kwa hesabu ni sawasawa. Na huku unakifuata kitunda chake, unakikaribia pia chako.

Akisukuma tu, h4 halafu h3, nenda e7. Yeye h2, wewe c7. Mfalme wake b7, wako d7. Atapata malkia h1, nawe utapata wako c8, tena ukimtisha mfalme wake papo hapo. Sare.

Baharia wa Langoni
Ahsante dada, hapo nimeona. Ila huyu kijana hasukumi ovyo. Nikifika f6 na kitunda chake kiko h4, analeta mfalme b6 aje anile. Sasa?

Maalim wa Malindi
Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Mfalme e5! Nyumba hiyo ina milango miwili. Akila c6, wewe f4. Akisukuma h3, wewe g3. H2, unakila, wanabaki wafalme wawili watupu. Asipokula, akasukuma h3, geukia d6. Yeye h2, wewe c7, mfalme b7, mfalme d7, na mambo ni yale aliyoeleza Bi Mkunguni. Mweusi ana hatua moja, na wewe una vitisho viwili.

Réti alizaliwa 1889 Pezinok, leo iko Slovakia. Wengi wanamjua kwa kumfunga Capablanca, bingwa wa dunia wa wakati huo, kule New York mwaka 1924, wakati Capablanca amekaa miaka minane bila kushindwa. Mimi nampenda zaidi kwa vitunda hivi viwili.

Tena vijana wanaodharau mwisho wa mchezo waangalie Singapore, tarehe 12 Desemba 2024, mchezo wa 14 wa ubingwa wa dunia. Ding Liren wa China, aliyekuwa akitetea ubingwa, alipeleka ngome f2. Mpinzani wake Gukesh wa India akabadilishana ngome, akalazimisha maaskofu nao wabadilishane, wakabaki wafalme na vitunda, naye ana kimoja zaidi. Hatua chache tu Ding akasalimu. Jumla 7.5 kwa 6.5, na bingwa mpya, Gukesh, alikuwa na miaka 18.

Baharia wa Langoni
Maalim, Mola akuweke. Sasa nimeipata kwa lugha yangu mwenyewe. Upepo ukitoka mbele, jahazi haliendi moja kwa moja, tunakwenda kwa bisho, mshazari huku, mshazari kule. Lakini bisho la baharini lina gharama yake, saa zinakwenda. Mfalme wa Réti anakwenda bisho na halipi kitu! Hilo ndilo lililonikwamisha: nilikuwa nahesabu mshazari kama ndia ndefu, kwa sababu maisha yangu yote ndia hiyo imekuwa ndefu.

Jana usiku nilichukua nyeupe. Mpwa wangu akaleta mfalme b6, nikaweka wangu e5. Alinyamaza kitambo, hata waliokuwa wakicheza dhumna upande wa pili wakageuka kutazama. Akala c6. Nikaenda f4, g3, nikakila kitunda h2. Akazipanga kete upya bila kusema neno, akageuza ubao, nyeupe zikawa upande wake.