Naomba ushauri: DD-214 yangu (hati ya kutoka jeshini Marekani) haionyeshi medali ya Afghanistan wala ARCOM. Nianzie wapi?

Mwana wa Korogwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo. Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, leo yamenifika.

Niliingia Marekani kwa bahati nasibu ya green card, na mwaka 2011 nikajiunga na Jeshi la Nchi Kavu. Nilikuwa dereva wa malori. Kuanzia Februari hadi Novemba 2013 tulikuwa Kandahar, tukipeleka mizigo kwa misafara kwenye Barabara Kuu Namba 1. Nilitoka jeshini 2015 kwa heshima, sina doa.

Mwezi uliopita niliomba kazi ya serikali kuu, nikadai zile pointi 5 za upendeleo wanazoongezewa wanajeshi wa zamani. Jibu likaja kwamba hati yangu haionyeshi kampeni yoyote, kwa hiyo pointi sipewi. Nikadhani wamekosea. Nikaitoa DD-214 nikaisoma kisanduku kwa kisanduku, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nilipoisaini. Kisanduku cha 13 kina Medali ya Mwenendo Mwema, ya Ulinzi wa Taifa, ile ya Huduma ya Vita Dhidi ya Ugaidi, na utepe wa utumishi. Basi. Medali ya Kampeni ya Afghanistan haimo. ARCOM, yaani Medali ya Pongezi ya Jeshi, haimo. Kisanduku cha 18, penye maelezo, hakitaji Afghanistan hata mara moja. Kwa karatasi hii mimi sijawahi kutia mguu nje ya Marekani.

Siku ya kutoka, karani alinigeuzia skrini akasema hakiki jina na namba. Nikahakiki jina na namba. Jioni ile nilikuwa na ndege ya kwenda Dar, mama alikuwa amelazwa. Nikasaini.

Nilichonacho ni hiki. Cheti cha ARCOM kiko Korogwe, mama alikiweka sandukuni chini ya kanga zake. Mdogo wangu amenitumia picha kwa WhatsApp. Kona moja imeingia unyevu, ila namba ya amri na tarehe zinasomeka. Nina picha za kule, na karatasi zangu zote za kodi. Amri ya safari sina.

Kuna jambo lingine. Agosti 2013 bomu la barabarani lililipuka chini ya gari lililokuwa mbele yangu. Hakufa mtu, Mungu mkubwa. Changarawe ziliangukia kioo changu kama mvua ya mawe, kisha tukapigwa risasi kama dakika kumi kutoka kwenye mashamba ya mizabibu. Wenzangu wawili wa gari lile walipewa CAB, beji ya mapigano. Mimi kamanda aliniambia karatasi zinakuja. Hazikuja. Je, baada ya miaka yote hii bado inawezekana?

---

Kijana wa Houston

Pole sana kaka. Ila nilisikia kule St. Louis kwenye kumbukumbu za wanajeshi kuliwaka moto mafaili yakateketea. Usikute na lako limo.

---

Sajini Mstaafu

Hapana ndugu yangu, tusimtie mwenzetu hofu. Moto huo ulikuwa tarehe 12 Julai 1973. Kwa Jeshi la Nchi Kavu uliteketeza kama asilimia 80 ya mafaili ya waliotoka kati ya 1912 na mwanzo wa 1960, na Jeshi la Anga nao walipoteza mengi. Aliyetoka 2015 hata karatasi za kuungua hana, faili lake liko kwenye mfumo wa kidijitali unaoitwa iPERMS.

Mwana wa Korogwe, nilifanya kazi ya ukarani wa utumishi jeshini miaka 14, kwa hiyo nimekaa upande wa pili wa hiyo skrini. Haya yanatokea sana. Karani hajui ulikokwenda, anajua kilichomo kwenye faili. Kama kikosi hakikupandisha amri yako kwenye mfumo, kwake haipo, na DD-214 inachapishwa hivyo hivyo.

Umeleta mambo matatu kana kwamba ni moja. Yatenganishe, la sivyo jepesi litakaa likisubiri gumu.

La kwanza, Medali ya Kampeni. Hii hakuna anayekupendekeza wala kukutunuku kwa hiari yake. Ni haki yako kwa kuwepo tu: siku 30 mfululizo ndani ya nchi, au siku 60 za vipande vipande. Wewe ulikaa miezi tisa. Kinachotakiwa ni kuthibitisha kwamba ulikuwepo. Chukua W-2 yako ya mwaka 2013, ile fomu ya mshahara na kodi, tazama kisanduku cha 12. Kama kuna herufi Q na kiasi cha fedha mbele yake, hayo ni malipo ya eneo la vita yasiyokatwa kodi. Karani yeyote wa utumishi wa Jeshi pale Fort Knox akiiona anaelewa. Kama ulihifadhi hati za mshahara za miezi ile zenye posho ya hatari ya dola 225, ziongeze. Na usisahau kinyota cha shaba. Kampeni ya Afghanistan imegawanywa vipindi, na kuanzia 1 Julai 2011 hadi 31 Desemba 2014 ni kipindi kimoja. Wako ni utepe wenye kinyota kimoja, uombe vyote kwenye barua ile ile.

La pili, ARCOM. Hii ilishatolewa, namba ya amri unayo, kwa hiyo unaomba iingizwe tu. Lakini picha ya WhatsApp haitoshi, inabanwa na herufi zinafifia. Mwambie mdogo wako aende stesheneri akiskani vizuri, cheti chote hadi kingo zake, na hiyo kona yenye unyevu ionekane. Usisafishe wala usirekebishe chochote kwenye kompyuta. Karatasi iliyochakaa inaaminika, iliyoguswa inatiliwa shaka.

Kabla ya kutuma lolote, omba faili lako lote. Ingia milConnect, tovuti ya kumbukumbu za wanajeshi, uombe kwa mtandao, au jaza fomu SF-180 kwenda St. Louis. Ni bure. Huenda ukaikuta ile DA 638, fomu ya mapendekezo ya medali, imekaa humo humo mahali pasipo pake. Nimeliona hilo si mara moja.

Baada ya hapo andika kwa HRC, idara ya utumishi ya Jeshi, pale Fort Knox, Kentucky. Barua fupi: kisanduku cha 13 kiongezwe hiki na hiki, kisanduku cha 18 kitaje utumishi Afghanistan kuanzia tarehe fulani hadi fulani, viambatanisho ni hivi. Hawatakupa DD-214 mpya. Watatoa DD-215, karatasi ya marekebisho inayokaa pamoja na ile ya zamani. Kuanzia hapo kila unapotoa DD-214 toa zote mbili.

La tatu, CAB, nitarudi usiku nikitoka kazini. Hilo linahitaji maneno zaidi.

---

Bint Pangani

Mimi ningesema apeleke DD-149, fomu ya kuomba marekebisho, moja kwa moja kwenye Bodi ya marekebisho ya kumbukumbu za Jeshi, amalize yote matatu kwa mkupuo. Kwa nini azunguke?

---

Dereva wa Zamani

Dada, mimi nilifanya hivyo hivyo, na kosa lilikuwa langu. Ombi lilirudishwa bila kusikilizwa kwa sababu sikuanza chini. Bodi ni mlango wa mwisho, wanataka kuona uligonga HRC kwanza ukakataliwa au hukusaidiwa. Nilipoteza miezi. Ukishafika kwao kihalali, sheria inawataka wasivuke miezi 18, na hiyo si ahadi ya kukubaliwa.

Kaka mwenye uzi, andika mahali tarehe uliyogundua kosa hili. DD-149 ina muda wa miaka 3 tangu kugundua. Wanaweza kuusamehe kwa ajili ya haki, ila kwa nini ufike huko.

Na usimlipe mtu. Nenda ofisi ya maveterani ya kaunti yako, au vyama vya maveterani kama American Legion au DAV. Wana watu wanaojaza fomu hizi kila siku na hawachukui hata senti.

---

Mama Wambui

Habari zenu. Nimesoma huu uzi nikalia. Mimi ni mjane, niko Minnesota. Mume wangu alikuwa Iraq kutoka Aprili 2003 hadi Aprili 2004, akatoka jeshini Septemba mwaka huo huo. Kwa karatasi yake hakuna medali ya Iraq, iko ile ya Kikosi cha Nje ya Vita Dhidi ya Ugaidi. Alikuwa akisema tu "hawakunipa". Sasa ametutoka. Je, mimi naweza kuomba, ama imekwisha na yeye?

---

Sajini Mstaafu

Mama Wambui, pole sana kwa msiba. Haijaisha. Mjane ambaye hajaolewa tena ni ndugu wa karibu anayetambuliwa, sawa na watoto, wazazi na ndugu wa kuzaliwa naye. Ambatanisha cheti cha kifo na nakala ya DD-214 yake.

Na hawakumnyima, mama. Medali ya Kampeni ya Iraq ilianzishwa kwa sheria ya Mei 2004, na amri ya Rais ya kuitekeleza ikatoka 29 Novemba 2004. Mumeo alishatoka miezi miwili kabla, kwa hiyo karani hakuwa na kitu cha kuandika. Waliotumikia wakati huo wanaruhusiwa kubadilisha ile ya Kikosi cha Nje wachukue ya Iraq, lakini si zote mbili kwa safari ile ile. Kwa tarehe ulizotaja anastahili vinyota viwili, maana alikanyaga vipindi viwili, cha hadi 1 Mei 2003 na kilichofuata. Taja hilo kwenye barua.

Sasa CAB. Beji hii ilianzishwa Mei 2005 na inarudi nyuma hadi 18 Septemba 2001, kwa hiyo tukio la 2013 limo. Ila haiji kwa kuwepo Afghanistan tu. Lazima uthibitishe kwamba wewe mwenyewe ulikuwepo ukishambulia au ukishambuliwa na adui. Andika tukio kwa ukurasa mmoja: tarehe, saa, mahali, gari lako lilikuwa la ngapi kwenye msafara, umbali kutoka lilipolipuka bomu, ulifanya nini. Kisha tafuta mashahidi waliokuwepo, wawili ikiwezekana, waandike taarifa ya kiapo kwenye fomu DA 2823. Hao wawili waliopewa beji ndio dhahabu yako. Amri zao zina tarehe ya tukio lile lile, omba nakala. Kanuni yenyewe ni AR 600-8-22, isome sura ya beji kabla hujaandika.

Kama kamanda wako wa zamani bado anapatikana, barua yake ina uzito mkubwa kuliko zote. Mwandikie kwa adabu, bila lawama. Makamanda wengi wanaumia kwamba karatasi za vijana wao zilipotea.

---

Mwana wa Korogwe

Shikamoo Sajini, na asanteni nyote. Nimetazama W-2. Herufi Q ipo! Ilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote hii.

Swali dogo: nina usaili wa kazi nyingine wiki ijayo. Naweza kutaja CAB kwenye wasifu wangu, nikieleza kwamba karatasi ziko njiani?

---

Dereva wa Zamani

Usithubutu kaka. Kuna sheria ya 2013 kuhusu kudai medali kwa uongo ili upate faida, na CAB imetajwa humo kwa jina. Najua wewe si mwongo, lakini usimpe mtu nafasi ya kukufikiria hivyo. Sema ulikuwa dereva Kandahar 2013, hilo ni kweli na halihitaji kibali cha mtu.

---

Sajini Mstaafu

Marahaba kijana. Msikilize huyo. Na Fort Knox wakikaa kimya sana, nenda ofisi ya mbunge wako wa Kongresi hapo wilayani. Wana msaidizi anayeshughulikia mambo ya maveterani. Utasaini fomu ya kuruhusu waone taarifa zako, nao wataandika kuuliza. Haibadilishi uamuzi, ila faili lililolala linaamka.

---

Mwana wa Korogwe (miezi mitano baadaye)

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi.

DD-215 imefika Jumanne. Medali ya Kampeni ya Afghanistan yenye kinyota kimoja, ipo. ARCOM ipo. Kwenye maelezo wameandika utumishi Afghanistan, tarehe ni sahihi hadi siku. Mdogo wangu alikiskani cheti Korogwe mjini, na ile kona yenye unyevu haikumsumbua mtu yeyote. Ile kazi ya kwanza ilishapata mtu, lakini nimeomba nyingine nikaweka karatasi zote mbili, safari hii pointi 5 zimekubaliwa.

CAB bado. Mwenzangu mmoja nilimpata Ohio. Tuliongea saa mbili na nusu, akaandika taarifa yake siku ile ile na kunitumia nakala ya amri yake. Wa pili bado namtafuta, alibadilisha namba. Kamanda amejibu. Ameandika kwamba anaukumbuka mchana ule na gari langu lilikuwa la nne. Nilikuwa nimesahau kwamba lilikuwa la nne. Nimebadilisha maelezo yangu nikaandika hivyo, na kifurushi chote kinaondoka kesho.

---

Mama Wambui

Hongera sana kaka. Yangu nimetuma wiki iliyopita, binti yangu alinisaidia na fomu. Ikirudi nitawaambia hapa hapa.