Naomba ushauri: mama hana jino hata moja, tuchague vipandikizi vipi?

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 67, ana kisukari, na meno yote yameisha. Meno bandia ya juu yanashika vizuri, ila ya chini yanacheza kila akitafuna. Nyama ameacha kabisa, ugali anaumeza tu, na fizi zimechubuka.

Daktari ametupa njia mbili za vipandikizi (skrubu zinazofungwa ndani ya mfupa wa taya ili kushika meno bandia) kwa taya la chini: skrubu 2 za titani zenye vifungo vya kubania meno ya kuvua na kuosha, au skrubu 4 zenye meno yasiyovuliwa. Mimi navutiwa na hizo 2; gharama ni nafuu na usafi utakuwa rahisi kwake.

Mliomfanyia mzazi mwenye kisukari, vidonda vilipona vizuri? Na kama mfupa ulishapungua, mlilazimika kuongezewa kwanza?