Vifungo vya kubonyeza kwenye kava za mabenchi ya hoteli: vikae wapi, vishikiliwe na nini?

MamaMakochi, Nakuru

Hamjambo mafundi. Natengeneza makochi na viti vya hoteli hapa Free Area, Nakuru, na nimepata kazi ambayo nataka kuipanga vizuri kabla sijatia mkasi kwenye kitambaa.

Mteja ana hoteli ya samaki Dunga, kule Kisumu. Anataka mabenchi manane ya kupanga kando ya ukuta, kila moja urefu wa sentimita 180 na kina cha sentimita 50, yenye mgongo. Sponji itagandishwa kwenye plaiwudi, juu yake reksini ya kupigwa stepla, kazi ya kila siku. Halafu juu ya reksini anataka kava ya kitambaa inayovuliwa. Watu pale wanakula ngege na mbuta kwa mkono, mchuzi unamwagika, watoto wanapangusa vidole kwenye kiti, na jioni wadudu wa ziwani wanafuata taa na kufia papo hapo. Kwa hivyo kava zitafuliwa kila wiki. Amelipia seti mbili, moja ikiwa kwenye kamba nyingine iko kazini.

Zipu haifai kwa sababu mto hautoki, umeshikana na mbao. Velkro nimeikataa: inashika nyuzi na magamba ya samaki, na ikifuliwa pamoja na kitambaa inakikwaruza mpaka kinaota manyoya. Nimebaki na vifungo vya kubonyeza vya chuma, vile vya dume na jike. Nimevitumia kwenye mito na mikoba, lakini si kwenye kitu kinachokaliwa na watu watatu au wanne kutwa nzima, wanaoteleza wakiingia na wakitoka.

Nataka kujua vikae upande gani wa benchi, dume lishikwe vipi kwenye mbao, viachane kwa umbali gani, na kubwa kuliko yote: nifanyeje ili kava yoyote kati ya zile kumi na sita ikubali benchi lolote? Wale wasichana wa hoteli hawatakuwa na muda wa kutafuta ipi ni ya wapi. Na kutoka hapa hadi Dunga ni kupita Kericho na Ahero, si mahali pa kukimbilia kila kifungo kinapong'oka.

Cherehani_Kakamega

Mama, hujasema kitambaa ni cha aina gani, na mimi ningeanzia hapo. Kama ni pamba, kiloweke na kukifua kabla ya kukikata, kwa maji ya moto yaleyale watakayotumia wao, kisha kianikwe na kupigwa pasi. Pamba ambayo haijafuliwa ikirudi asilimia tatu tu, kwenye sentimita 180 umepoteza zaidi ya tano. Kwenye kava ya zipu mteja atanung'unika kwamba inabana, basi. Kwenye vifungo ni kazi imekufa, maana dume limekaa mahali pake kwenye mbao na jike limehama. Mimi hapa nashona sare za shule na mapazia, na siku hizi sikubali kitambaa cha pamba kigusane na mkasi kabla ya kugusana na maji.

Ukiweza, chukua mchanganyiko wa pamba na poliesta. Hausinyai sana, na huko Kisumu utakauka upesi.

FundiTurubai, Kisumu

Mama, karibu Kisumu. Mimi ni mtu wa turubai: malori, mahema, na vifuniko vya boti hapa ziwani. Kwenye boti kifungo cha kubonyeza ndicho kinachoshika kila kitu, kwa hivyo nitasema ninachokijua kwa mikono yangu.

Shika jambo moja, mengine yatajipanga yenyewe. Kifungo hiki kina nguvu kikivutwa kwa ubavu, na hakina nguvu kikibanduliwa. Ndani ya jike mna springi inayokumbatia shingo ya dume. Kitambaa kikivutwa sambamba na mbao, shingo ya dume inakutana na ukuta wa jike, chuma kwa chuma, na springi karibu haina kazi. Lakini ukiinua ukingo wa kitambaa upande mmoja, springi inapanuka na kuachia. Haina kosa, imetengenezwa iachie hivyo ili mkono wako uweze kufungua. Kwa hivyo wewe panga benchi lako ili uzito wa watu uvute kwa ubavu siku zote, na kuinua kubaki kazi ya mkono peke yake.

Mafundi wengi wanaweka vifungo kwenye uso wa mbele wa benchi kwa sababu ndipo mkono unapofika kwa urahisi. Usifanye hivyo. Mtu akikaa, sponji inabonyea katikati na kufura mbele, na ule ufuraji unakisukuma kitambaa nje, mbali na mbao. Huko ndiko kubandua kwenyewe. Kifungo kimoja kikiachia, mzigo wake unahamia kwa jirani, naye anaachia, mpaka benchi zima limevuliwa na hakuna aliyeligusa. Tena pale mbele miguu inavikwaruza na watoto wanavichezea. Pitisha kitambaa juu ya ukingo wa mbele, kishuke, kikunjwe chini ya fremu kiasi cha sentimita sita, na kifungo kikae kwenye tumbo la ubao wa fremu, yaani upande wake wa chini. Sponji ifure itakavyo, chini kule mvuto unafika ukiwa umelala sambamba na mbao.

Nyuma, pale kalio la benchi (sehemu ya kukalia) linapokutana na mgongo wake, usiweke kifungo hata kimoja. Shona pindo pana mwishoni mwa kava, ingiza ndani yake kipande cha bomba la plastiki la nyaya za umeme, kisha sukuma hilo bomba kwenye ule mwanya mpaka litokee upande wa pili. Likishalala halirudi. Kati ya kava na bomba shona kipande cha mpira wa kiunoni, upana wa sentimita nne hivi, kwa urefu wote. Mpira huo utakusaidia sana, kwa sababu mabenchi manane hayawezi kuwa na sponji iliyokatwa sawasawa, na mpira ndio utakaomeza tofauti. Mgongo ufanye kama mfuko wa kuvalishwa kutoka juu, halafu vifungo vichache vya kuuzuia usipande, chini kwa nyuma.

Sasa kifungo chenyewe. Mjerumani Heribert Bauer alipopata hataza ya kifungo cha springi mwaka 1885, alikikusudia kwa suruali za wanaume, na mpaka leo vingi vinavyouzwa madukani ni ndugu wa kile: vidogo, springi nyembamba ndani iliyojipinda kama herufi S. Hivyo viache kwenye nguo. Tafuta saizi 24, kofia yake ni kama milimita 15, na ndani yake uone springi ya duara. Jike na kofia vinabana kitambaa katikati, na dume linakuja na skrubu yake ya kuingia kwenye mbao. Nenda dukani na sumaku mfukoni. Kofia ikiruka kushika sumaku, hicho ni chuma kilichopakwa nikeli, na ule mpako utapasuka siku utakapokigonga. Baada ya kufuliwa kidogo utaona duara la kutu kwenye kitambaa, na kutu haitoki kwa sabuni. Shaba iliyopakwa nikeli haishiki sumaku. Na mwambie mteja asitumie dawa ya madoa yenye klorini, inakula hata chuma kizuri.

Skrubu ya milimita 16 inatosha, ila iingie kwenye ubao mzima, si kwenye ukingo wa plaiwudi, pale tabaka zinaachana kama chapati. Toboa kwanza tundu jembamba kuliko skrubu. Na ubao uwe umekauka. Mkaratusi mbichi ukikauka ukiwa tayari na skrubu, unapasuka au unailegeza.

Upande wa kitambaa, kifungo haking'oki kwa sababu ya kifungo. Kinang'oka kwa sababu kimeshika kitambaa kitupu. Kunja pindo mara mbili na ndani yake pitisha mkanda mgumu, ule wa mabegi. Toboa kwa kitoboleo, usikate kwa ncha ya mkasi, na tundu liwe dogo kidogo kuliko mguu wa kofia ili nyuzi zibanwe. Ukishagonga, jaribu kuizungusha kofia kwa vidole. Ikizunguka, mguu ni mrefu kuliko unene wa pindo lako na umejikunja ovyo ndani: ongeza tabaka au tafuta mguu mfupi. Kofia iliyogongwa vizuri haizunguki kabisa.

Kijana_wa_Mitambo, Eldoret

Shikamoo Mzee, na pole na kazi Mama. Nasomea uhandisi wa mitambo, na hiyo hoja ya ubavu na kubandua ndiyo tunayofundishwa kwenye viungo vya kubana, nimefurahi kuiona imeelezwa na mtu aliyeishika kwa mkono.

Nilitaka kupendekeza njia ya klipu za plastiki zinazochapishwa kwa mashine ya 3D, tabaka juu ya tabaka, zenye ulimi unaonasa ukingo wa ubao. Katika klipu, siri iko kwenye urefu wa ulimi. Ukibaki na unene uleule na kuupinda kiasi kilekile, ulimi ulio mrefu mara mbili unanyooshwa robo tu ya ulivyonyooshwa ule mfupi, kwa hivyo hauchoki upesi. Na ichapishwe ikiwa imelala, tabaka zifuate urefu wa ulimi. Ikisimamishwa inakatika penye kiungo cha tabaka. Lakini nikifikiria mabenchi manane na wafanyakazi wenye haraka, naona chuma cha Mzee kitadumu zaidi. Klipu ningezitumia kwa kiti kimoja cha nyumbani.

Vile vifungo vya plastiki vya kubana kwa koleo navyo ni vizuri kwa foronya, ila pasi isivikanyage. Nyingi ni plastiki inayoyeyuka karibu na nyuzi 170, na pasi iliyowekwa kwenye pamba inafika 200.

MamaMakochi, Nakuru

Mzee, shikamoo. Nimesoma jibu lako nikiwa nimesimama mbele ya fremu ya kwanza, nikawa nabonyeza sponji kwa goti na kutazama inavyofura mbele. Ni kweli kabisa, inatoka nje kiasi cha kidole kizima. Vifungo vinakwenda chini. Bomba la nyuma nalo nimelipenda, limenipunguzia gharama nusu. Dada wa Kakamega, nitafua kabla ya kukata, na nachukua huo mchanganyiko wa poliesta.

Limebaki lile la kubadilishana. Nikipima benchi moja moja na kava moja moja, najua mkono wangu: ya kwanza itakubali na ya kumi itakataa.

FundiTurubai, Kisumu

Marahaba mama. Usipime. Tengeneza kiolezo kimoja na hicho ndicho kiwe kipimo cha kila kitu.

Chukua utepe wa chuma bapa, urefu wa sentimita 180. Weka alama katikati, hapo ndipo kifungo cha kwanza. Kisha kila upande enda sentimita 17, mara tano, utafika 85, na pembeni zimebaki tano tano. Vyote ni kumi na moja kwa mbele. Kila alama uipime kutoka katikati, usiipime kutoka kwa jirani yake, kwa sababu kosa la milimita moja linalorudiwa mara kumi linakuwa sentimita nzima, na kifungo hakina subira ya sentimita. Toboa matundu kwenye huo utepe, andika “kushoto” upande mmoja kwa rangi isiyofutika. Sasa huohuo utepe unaufunga kwenye ubao wa benchi na kutoboa kupitia matundu yake, na huohuo unaulaza juu ya pindo la kava na kutia alama. Hakuna futi kamba tena mpaka kazi iishe. Ubavuni weka viwili viwili kila upande, navyo viwe na kiolezo chake kidogo.

Kava ya kwanza ivalishe benchi kabla ya kugonga kifungo chochote. Vuta, mkalishe mtu juu, ainuke, vuta tena, halafu chora mstari pale kitambaa kinapopita kwenye tumbo la ubao. Mstari huo ndio kina cha pindo kwa kava zote kumi na sita.

Jambo la mwisho, na ndilo linaloua kava nyingi kuliko uzito wa watu: namna ya kufungua. Msichana mwenye haraka atashika pembe na kunyakua kama anavuta shuka. Kila penye kifungo, shona ulimi mdogo wa mkanda unaojitokeza mbele ya pindo, sentimita mbili tu. Mkono utautafuta wenyewe, na kifungo kitafunguka kimoja kimoja.

MamaMakochi, Nakuru

Kwa hiyo kalio peke yake ni kumi na tano kwa benchi: madume 120, majike na kofia 240. Naongeza vya mgongo na akiba. Na skrubu ikilegea huko baadaye, wao wenyewe wataweza?

FundiTurubai, Kisumu

Wataweza. Wachomeke vijiti vya kiberiti vilivyopakwa gundi ya mbao kwenye tundu, wavikate usawa wa ubao, wasubiri hadi kesho yake, warudishe skrubu ileile. Dume likiwa gumu kubonyea, wasugue nta ya mshumaa juu yake. Waachie na nakala ya kile kiolezo, ili wakitaka seti ya tatu, fundi yeyote wa hapa Kibuye aweze kuishona bila kukusumbua.