Mabepari wa Venisi: hadhira icheke au ilie?

Swali (Kisauni): Assalaam aleikum ndugu zangu. Kikundi chetu cha maigizo kinaandaa tamthilia hii ya Shakespeare, aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1969, na tumekwama katika onyesho la mahakama. Shylock, Myahudi mkopeshaji fedha, anaponoa kisu kwenye soli ya kiatu chake ili akate ratili ya nyama ya mwili wa Antonio, mfanyabiashara aliyeshindwa kumlipa deni, watazamaji wacheke au waogope?

Jibu (Mji wa Kale): Waaleikum salaam. Waogope kwanza. Deni ni dukati (sarafu za dhahabu) 3,000 kwa miezi mitatu, na sisi watu wa bandari twaelewa vyema uchungu wa kusikia kwamba jahazi limezama na shehena, kama alivyosikia Antonio. Kicheko kije Portia, aliyejigeuza mwanasheria, anapotamka kwamba mkataba unatoa nyama bila tone la damu.

Jibu (Likoni): Naafiki, ila nawasihi msimkejeli Shylock. Ingawa mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare wa mwaka 1623 uliiweka tamthilia hii miongoni mwa komedia, yeye amekimbiwa na bintiye, kisha mahakama inamlazimisha kuacha dini yake, na kwangu hiyo ni tanzia kamili. Mpeni muda wa kutoka jukwaani. Mzaha wa pete kule Belmont, nyumbani kwa Portia, anapomtania mumewe, usianze mapema.