Gemu za upelelezi zenye waigizaji halisi: ipi inakupa kazi, ipi inakufanya mtazamaji tu?

Mpelelezi wa Sinza (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila zikitajwa gemu za upelelezi ambazo ndani yake hamna vikatuni, ni watu wa kweli mbele ya kamera, mjadala huishia kwenye "picha kali" na "yule dada anaigiza". Huo si ulinganisho. Kipimo changu ni kimoja: yule mtu kwenye skrini akiwa anaongea, wewe una kazi gani? Naziweka nne hapa. Sharti ni moja pia: asitajwe muuaji wa gemu yoyote.

Her Story ya Sam Barlow, 2015. Umekalia kompyuta kuukuu ya polisi wa Uingereza. Ndani mna mahojiano saba ya mwaka 1994 na mwanamke mmoja, ameigiza Viva Seifert, kuhusu mume wake Simon. Yamekatwakatwa vipande 271. Maswali ya askari hayasikiki, ni majibu tu. Unaandika neno, kompyuta inakuletea vipande ambamo neno hilo limetamkwa, ila hata vikiwa vingi kiasi gani unafunguliwa vitano. Unajikuta unasikiliza kama mtu anayedaka ugomvi wa majirani kupitia ukutani: umenasa jina moja, unalifuata.

Contradiction: Spot the Liar! ya Tim Follin, 2015 pia. Inspekta Jenks (Rupert Booth) anazunguka kijiji cha Edenton akiuliza watu juu ya kifo cha msichana Kate Vine. Kila kauli inaandikwa kwenye orodha. Unachukua kauli mbili za mtu yuleyule, unazigonganisha. Zikipingana, anabanwa na anatema jipya. Njia ya mwongo ni fupi, na gemu nzima imejengwa juu ya methali hiyo bila wenyewe kuijua.

The Centennial Case: A Shijima Story ya Square Enix, 2022. Ya Kijapani, vifo vya ukoo mmoja ndani ya miaka mia. Unatazama tukio, unaokota dalili, unajenga dhana, kisha unamtaja mhusika mbele ya watu.

Late Shift, kwenye kompyuta tangu 2017. Matt, kijana mlinzi wa maegesho London, anaburutwa kwenye wizi wa nyumba ya mnada. Maamuzi 180, miisho 7. Humo hupelelezi chochote, unaamua tu.

Mpangilio wangu ni huohuo nilioziandika. Pingeni.

BintiUpanga

Sipingi namba moja, ila umeruka kitu kinachowafanya watu waiache Her Story baada ya nusu saa. Vile vitano havichaguliwi ovyo. Vinapangwa kwa tarehe, cha zamani mbele. Ukiandika neno linalotamkwa kila mara, mfano hilo jina "Simon", utarudishwa kwenye mahojiano ya mwanzo kila siku, na ya mwisho yamefukiwa chini huyafikii. Mtu anadhani gemu imekwama, kumbe neno lake ndilo pana mno.

Namna ya kutoka hapo: acha majina makubwa, shika vitu vidogo. Kifaa, chakula, mahali, jina lililotajwa mara moja kwa kupita. Neno adimu linaleta vipande viwili au vitatu, na kimojawapo huwa cha siku za mbele. Ukilazimika kutumia neno la kawaida, liunganishe na jingine, idadi itapungua. Kisha tazama tarehe na saa pembeni, na nguo alizovaa. Nguo zinabadilika kwa kila mahojiano, kwa hiyo hata bila kusoma tarehe unajua uko siku ya ngapi. Kipande kikikutia shaka kiwekee lebo yako mwenyewe, maana lebo nazo zinatafutika. Na kwenye kompyuta ileile kuna programu ndogo inayoonyesha vipande kama miraba, ulivyoviona na usivyoviona. Itumie kama ramani: pengo kubwa la miraba mfululizo maana yake kuna mahojiano hujayagusa.

Daftari la karatasi, wapendwa. Ukitegemea kichwa, saa ya pili utakuwa unarudia maneno yaleyale.

Kijiwe cha Mwananyamala

Mleta uzi umeionea Late Shift. Unasema hamna kazi, lakini sinema haisimami kukusubiri. Chaguo linatokea, una sekunde chache, ukizubaa linachaguliwa kwa niaba yako na picha inaendelea bila hata kukata. Huo mfululizo ndio ufundi wake. Her Story ukienda kuchemsha chai unaikuta palepale.

Halafu fikiria kibanda umiza: watu ishirini, skrini moja. Her Story hapo haichezeki, anacheza mwenye kibodi tu na wengine wanasinzia. Late Shift kila mtu anapiga kelele "kimbia!" "usifungue!" na mshika rimoti anaamua kwa wingi wa sauti. Hata sinema zetu za kutafsiriwa, uhondo nusu ni yule msimuliaji, nusu ni wabishani waliokaa benchi la nyuma.

Mpelelezi wa Sinza

Kijiwe, nakubali kwa watu ishirini. Lakini kwa hao ishirini kuna kasoro mbili. Sekunde hizo chache hazitoshi kupiga kura, kwa hiyo anayeshika rimoti ndiye anaamua na wengine wanalalamika. Baadhi ya gemu za baadaye za Wales Interactive, wachapishaji wa Late Shift, ziliweka mpangilio wa kusimamisha picha kwenye chaguo, huo ndio wa kuwasha mkiwa wengi. Pili, miisho ni 7 lakini ukirudia kutafuta mwingine unatazama upya sehemu kubwa uliyokwisha kuiona. Mwisho wa kwanza ni mtamu. Wa tatu ni kazi ya shule.

Na hapo hapo swali langu linabaki: uligundua nini? Matt alikimbia kushoto, sawa.

MzeeWaIlala

Vijana, mnaongea kana kwamba hizi zilianza 2015. Sherlock Holmes: Consulting Detective ilikuwa kwenye CD tangu 1991. Under a Killing Moon ya 1994 ilikuja na CD 4, The Beast Within ya 1995 CD 6, Phantasmagoria mwaka huohuo CD 7. Unabadilisha sahani katikati ya gemu kama santuri ya taarab.

Zilidharauliwa kwa sababu za kiufundi kwanza. Kisomeo cha CD cha mwanzo kilitoa kilobaiti 150 kwa sekunde. Humo upitishe picha na sauti, lazima video ibanwe mpaka sura ya mtu inakuwa miraba miraba. Sasa gemu ya upelelezi bila kuona jicho la mshukiwa ni nini? Ndiyo maana nyingi za wakati ule waliweka mafumbo ya kufungua makabati, na video ikawa zawadi tu ya kufumbua. Barlow hakuvumbua waigizaji. Alichofanya ni kuigeuza video yenyewe kuwa fumbo.

Night Trap ya 1992 ilifikishwa hadi Baraza la Seneti la Marekani Desemba 1993, na mwaka uliofuata sekta yao ikaanzisha ESRB, bodi ya kupanga gemu kwa umri. Ukiitazama leo utacheka wamekasirikia nini.

Mwl. Zainabu

Naomba kutetea The Centennial Case, maana wengi wanaitupa baada ya sura ya kwanza. Ina hatua tatu. Ya kwanza unatazama video, na dalili zinatokea kwenye skrini uzidake. Ya pili unapelekwa kwenye ubao wa pembesita, unaweka kila dalili kwenye fumbo lake, zikishikana inazaliwa dhana. Ya tatu unajibu maswali na kumtaja mtu.

Udhaifu uko hatua ya pili. Vibao vina michoro pembeni inayoonyesha kipi kinaingia wapi, kwa hiyo mkono unaweza kumaliza kazi bila akili kushiriki. Tena gemu inakuzalishia dhana za kipuuzi kwa makusudi, nyingine za kuchekesha kabisa, na ukiziamini zote unafika hatua ya tatu umebeba gunia la takataka. Dawa ni kwamba kila dhana ikizaliwa, jiulize kama ingewezekana kwa saa na mahali ulivyoviona kwenye video. Isiyowezekana isahau, hata kama gemu imeipamba.

Uzuri wake mkubwa hauko kwenye ubao. Waigizaji walewale wanarudi kama watu wengine kwenye vizazi vingine, 1922, 1972, 2022. Sura unayoijua inakuja na jina jipya, na wewe tayari umeshaihukumu. Hilo kikatuni hakiwezi kukufanyia.

Kipanya Kigamboni

Mbona hamjaigusa The Infectious Madness of Doctor Dekker (2017)? Wewe ni daktari mpya wa akili, aliyekutangulia kauawa, wagonjwa wake ndio washukiwa. Unaandika maswali kwa mkono wako, na muuaji anachaguliwa kwa bahati kila unapoanza upya. Kwa hiyo hata rafiki akitoboa siri haijakuharibikia. Kwa hela hiyohiyo unacheza mara nyingi.

BintiUpanga

Kipanya, hilo la bahati ndilo tatizo lake. Kama muuaji anaweza kuwa yeyote, basi sehemu kubwa ya video lazima imfae mtu huyo akiwa na hatia na asipokuwa nayo. Mwigizaji hawezi kuficha kitu usoni kama hajui anaficha nini. Unabaki kuwinda vile vichache vilivyopigwa kwa ajili ya muuaji wa safari hiyo. Seifert kwenye Her Story alijua. Ukirudia kipande cha mapema baada ya kujua mambo, unaona mkono ulivyotulia mahali usipotakiwa kutulia. Kwangu mimi kuwaza "alikuwa ananiambia tangu mwanzo" ndiyo raha yenyewe ya gemu za aina hii.

Na kuandika kwenye Dekker kuna kero: inasoma maneno machache ya msingi, haisomi sentensi. Ukiuliza swali refu la adabu inajibu kingine. Andika fupi, maneno matatu manne, na litumie jina alilolitaja yeye mgonjwa.

Kipanya Kigamboni

Hoja ya uso naipokea. Ya "kero" hapana, Her Story nayo ni kuandika.

Fundi Mtaa wa Uhuru

Ngoja niwape upande wa mashine, maana hapa wengi hununua kisha wanakuja kulia.

Gemu hizi ni video tupu. Kadi ya michoro ya bei mbaya haihitajiki, lakini nafasi na bando ndiyo. Hesabu ya haraka: video ya megabiti 5 kwa sekunde ni karibu gigabaiti 2.25 kwa saa moja, na gemu hubeba saa nyingi kuliko utakazoziona, kwa sababu ya njia usizozichagua. Soma kipengele cha nafasi kwenye ukurasa wa gemu kabla ya kununua bando.

Mkiwa wawili watatu mmenunua gemu ileile, apakue mmoja. Tangu 2023 Steam, duka la gemu la mtandaoni, inahamisha faili kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye ruta ileile bila kula bando la intaneti. Wote muwe mmefungua Steam, mruhusu uhamishaji kwenye mipangilio ya upakuaji, na gemu kwa anayetoa iwe imesasishwa. Mkitumia flashi badala yake, iformatiwe kwa mpangilio wa faili uitwao exFAT. Flashi nyingi zikiwa kwenye mpangilio wa zamani, FAT32, zinakataa faili moja inayozidi gigabaiti 4, na ujumbe unaokuja unasema faili ni kubwa mno hata kama flashi ni tupu.

Skrini nyeusi, sauti ipo au haipo: kagua Windows yako. Zikiwa zile zenye herufi N mwishoni, zimetoka kiwandani bila vifaa vya kuchezea video. Nenda kwenye vipengele vya hiari, ongeza Media Feature Pack, zima na uwashe. Wanaochezea Linux au Steam Deck wakiona mistari ya rangi kama ya TV isiyo na kituo, ni ugonjwa wa jamii hiyohiyo: video imeandikwa kwa vifaa vya Windows, jaribu toleo jingine la Proton, ile programu inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux.

Picha inakatakata kwenye laptopu ya zamani: chomeka umeme kwanza, maana ikiwa kwenye betri prosesa inapunguzwa kasi. Kisha funga kivinjari. Ikiendelea na diski yako ni ile ya kuzunguka, hamishia gemu kwenye SSD.

La mwisho, Steam wanarudisha hela ukiomba ndani ya siku 14 na hujazidisha saa 2 za kucheza. Video ikigoma, ifunge gemu wakati unatafuta dawa. Ikibaki wazi saa zinahesabiwa hata kama unatazama giza.

Shangazi Tabata

Asante Fundi. Mie swali: lugha. Nyingi ya hizi ni Kiingereza, tena cha Waingereza wenyewe. Asiyekimudu sana aanze na ipi?

Mwl. Zainabu

Shikamoo shangazi. Aanze na Late Shift. Anachagua maneno mafupi tayari yameandikwa, na akikosa kuelewa sentensi hadithi haimfungii mlango. Contradiction ifuate, kwa kuwa kauli zinabaki kwenye orodha, anaweza kuzisoma polepole na kamusi pembeni. Her Story aiweke mwisho. Pale neno lenyewe ndilo ufunguo: ukiandika jina la jumla la kitu wakati yule mama alitaja aina yake, huletewi kipande. Hata msimuliaji wa sinema za kutafsiriwa hawezi kukusaidia, akitafsiri tu ameshakuficha neno unalotakiwa kuliandika.

Shangazi Tabata

Marahaba mwanangu. Na asiye na kompyuta?

Kipanya Kigamboni

Her Story ipo kwenye Android, shangazi. Ipo pia Simulacra ya 2017, ya Kaigan Games wa Malaysia: umeokota simu ya msichana aliyepotea, unasoma jumbe zake, picha, video zake za kuigizwa na mtu halisi. Kwa kuwa yote yanatokea ndani ya simu, kuicheza simuni ndiyo mahali pake hasa. Avae spika za masikioni na aongeze mwanga wa skrini. Inatisha kidogo, asiianze umeme ukiwa umekatika.