Nimemhukumu mchungaji au nimepima tu? Naomba ushauri

Bwana asifiwe wapendwa. Kuna jambo linaninyima usingizi.

Naishi Umoja, hapa Nairobi. Jirani yangu, mama mboga, aliambiwa na mchungaji wake (kanisa silitaji) apande mbegu, yaani atoe sadaka ya kutarajia baraka, ya shilingi 5,000 ili mwanawe apate kazi. Akatoa pesa za kodi. Huu ni mwezi wa tatu tangu atoe, kijana bado yuko nyumbani na mwenye nyumba ameshatishia kufunga mlango kwa kufuli. Nikamwambia, "Dada, huyo anakula jasho lako." Akanijibu kwa Mathayo 7:1, tusihukumu. Tangu siku hiyo hanisalimii. Hata sukuma wiki nanunua kwingine kwa aibu.

Nilipofungua Biblia nikakuta sura ile ile, mstari wa 15, Yesu anaonya juu ya manabii wa uongo, na wa 16 anasema tutawatambua kwa matunda yao. Yohana naye, katika waraka wa kwanza 4:1, anatuambia tuzijaribu roho. Kwa hiyo kupima si dhambi. Lakini nilisema kwa hasira, mbele ya wateja wake, na kwa kweli nilifurahia kidogo kuonekana mjuzi. Hapo boriti ya jicho langu, yaani kosa langu mwenyewe, inanichoma.

Je, nimwombe radhi kwa namna nilivyosema bila kuyafuta niliyosema? Mchungaji nimwendee, ingawa mimi si mshirika wake? Na kodi ningependa kumchangia, ila naogopa nayo itapandwa.