Ushauri: Wanachuo wameisifia video yangu ya kukokotoa dripu, kwenye jaribio wameanguka

Mkufunzi_Kanda:
Wakuu, salaam. Nafundisha uuguzi ngazi ya diploma, mwaka wa pili. Likizo iliyopita nilijifungia wiki tatu nikitengeneza somo la video la kukokotoa kasi ya dripu. Dakika 34, slaidi za rangi, muziki laini kwa chini, na sauti yangu ikisoma kila kilichoandikwa. Wanachuo walisifia mpaka nikaona haya. Nikawapa jaribio: mililita 1,000 ziingie kwa saa 8, mpira wa dripu unaotoa matone 20 kwa mililita, ni matone mangapi kwa dakika. Chini ya nusu ya darasa ndio waliopata matone 42. Mmoja kaandika matone 2,500 kwa dakika na kulipigia jibu mistari miwili.

Nataka kulisuka upya, mwanafunzi abofye, ajibu, arekebishwe palepale. Nianzie wapi? Kompyuta zinazowaka chuoni hazifiki kumi, wengi wana simu na bando la kuungaunga. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Chaki:
Mkuu, kabla hujagusa kompyuta, yachukue yale makaratasi uliyosahihisha. Somo lako limo humo. Huyo wa 2,500 hakugeuza saa kuwa dakika, kafanya 1,000 × 20 ÷ 8. Bila shaka wapo walioandika 2. Hao walisahau matone, wakagawa 1,000 kwa 480. Kila kosa lina mzazi wake. Machaguo ya swali lako yatoke humo, na kila moja liwe na jibu lake. Aliyebofya 2,500 usimwambie "si sahihi, jaribu tena". Mwonyeshe dripu inamwagika kama bomba, kisha muulize atayahesabuje matone zaidi ya 40 kwa sekunde moja.

Mkufunzi_Kanda:
Mzee, nimeyafungua sasa hivi. Wa 2 wapo kweli. Kuna na kundi la 125. Hao watakuwa wametumia mpira wa matone 60, ule wa watoto?

Mzee wa Chaki:
Huwezi kujua. 1,000 ÷ 8 nayo ni 125, yaani mililita kwa saa. Na usihangaike kubadilisha namba za swali: kwa mpira wa matone 60, matone kwa dakika na mililita kwa saa ni namba ileile siku zote, kwa sababu 60 ya matone inafutana na 60 ya dakika. Dawa ni kulivunja swali. Kwanza achague mpira kwenye picha, halafu ageuze saa, mwisho ndio akokotoe. Akiteleza utaona kateleza wapi.

Nesi Mtarajiwa:
Mimi mwanafunzi, chuo kingine, msinitafute 😅. Mwalimu, samahani, video ya dakika 34 tunaisogeza mbele mpaka kwenye mfano uliokokotolewa, tunapiga picha ya skrini, basi. Na muziki wa nini? Kelele za bweni zinatosha.

Bint Pangani:
Dogo kasema kweli. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameyapima haya kwa miaka mingi: muziki na mapambo yasiyohusu somo hupunguza kuelewa, na kusoma kwa sauti maandishi yaleyale yaliyo mbele ya macho huwachosha wengi. Ila hapo kwenye maandishi mimi nina neno. Wanafunzi wetu wanasomeshwa kwa Kiingereza, na neno wasilolizoea wakilisikia tu linapita. Acha istilahi chache pembeni ya picha, aya nzima futa.

Bit_na_Baiti:
Kwa upande wa vifaa: tengeneza maswali ya H5P (mfumo wa mazoezi ya kubofya na kujibu) kwa programu ya Lumi. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye laptopu bila intaneti, na inakutolea faili moja la HTML, linalofunguka kama ukurasa wa wavuti, la kurusha WhatsApp. Lijaribu kwanza kwenye simu ya bei ya chini kabisa darasani, maana zipo zinazogoma kulifungua. Alama hazitakurudia wewe. Ukizihitaji, weka kwenye Moodle, mfumo wa masomo mtandaoni. Video usiipachike ndani, faili litakuwa zito kama gunia la mkaa. Irushe pembeni, vipande vya dakika 3 au 4. Philip Guo na wenzake walipochambua utazamaji wa video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, mwaka 2014, waliona watu hubanduka baada ya dakika 6 hivi.

Mkufunzi_Kanda:
MREJESHO: Nimetengeneza swali moja tu, hatua tatu kama alivyosema Mzee, nikawapa wanachuo wanne huku nimekaa nyuma yao kimya. Wawili wamekwama hatua ya kwanza. Hawakujua kwamba idadi ya matone kwa mililita huandikwa kwenye pakiti ya mpira wenyewe! Nimeirudia video yangu yote, dakika 34, sikulitaja popote. Kesho asubuhi napitia wodini kuomba pakiti tupu nizipige picha.